Chungu cha Dawa ya Mtoto

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mmeitika kama watu waliokwisha lala, na jua ndiyo kwanza limezama. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa chungu. Chungu cha nani? Cha Bi Kidawa. Ndani mna nini? Hapo ndipo penye hadithi. Shangazi, wewe uliyekaa hapo njiani na miguu umeinyoosha, hicho kikombe ulichokifunika na kisahani kiache hapo hapo, usikifunue kwanza. Najua dawa iliyomo imetoka kwenye daftari la marehemu babu, umeshaniambia mara tatu. Mwanangu mgonjwa nimempakata, anapumua, pikipiki ya kutupeleka hospitali imeshaagizwa, na mpaka ifike nitasema mimi, maana nikinyamaza nitalia. Kwa hiyo mnisikilize, na nikiwaambia itikieni, mwitikie kwa nguvu.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasemezana, kuku akipita uani anakupa salamu na wewe unamjibu, palikuwa na kijiji kando ya mto. Katika kijiji hicho alikaa mama mmoja mtu mzima, Bi Kidawa. Nyumba yake ilikuwa na dari ya boriti, na juu ya boriti ya mwisho, mahali pa juu kuliko pote, ndipo kilipokaa chungu.

Chungu chenyewe kidogo, hakizidi ngumi mbili. Mdomo wake umefungwa kwa kitambaa cha marekani, na juu ya kitambaa pameandikwa kwa wino mweusi, herufi kubwa kubwa: DAWA YA MTOTO. Ndani yake unga wa buluu. Na buluu yenyewe, jamani, si hii ya kanga, ni buluu ya shingo ya tausi, ukiiona mkono unakuwasha kuigusa.

Kila ikifika Siku ya Mwaka, Bi Kidawa alipanda ngazi, akakiteremsha chungu, akakipangusa vumbi, akawaonyesha wageni. "Hiki kina vizazi vitano," akasema. Mwaka uliofuata kikawa na vizazi sita. Mwaka uliofuata kikawa na vizazi saba. Chungu kilikuwa kinazeeka haraka kuliko mwenyewe!

Na mtu akimwuliza, "Bi Kidawa, ulishawahi kuitumia?" yeye alicheka. "Dawa ya namna hii haitumiwi ovyo." Basi hakuna aliyeitumia. Kwa kuwa hakuna aliyeitumia, hakuna aliyedhurika. Kwa kuwa hakuna aliyedhurika, watu wakasema: hiyo ndiyo dawa.

Msimchukie Bi Kidawa. Ngojeni. Alikuwa na moyo mzuri, na alimpenda mjukuu wake kuliko macho yake.

Mjukuu aliitwa Vuai. Miezi minane, meno mawili, akinyonya anamng'ata mama yake kisha anacheka. Baba yake Kheri, mtoto wa pekee wa Bi Kidawa. Mama yake Sikudhani, binti wa kijiji cha mbali, alikuja kuolewa na kisanduku kimoja cha nguo na kusoma anajua. Walikaa vizuri, sisemi uongo, walikaa vizuri.

Siku moja Vuai akaanza kuhara. Akahara asubuhi, akahara mchana, akahara jioni. Siku ya pili akatapika. Siku ya tatu alfajiri akalia, na machozi hayakutoka. Nyinyi mlio mama mnajua, mtoto akilia machozi yasitoke, hapo si pa kungoja. Sikudhani akampapasa utosi, akakuta umebonyea. Akamfunga mgongoni, akashika njia.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Kidawa.

"Kwa Tabibu Korongo, mama. Ng'ambo ya mto."

"Korongo!" Bi Kidawa akapiga kofi. "Korongo anasimama kwa mguu mmoja, yeye atamsimamisha nani? Rudi ndani, mwanangu. Siku ya chungu imefika."

Akapanda ngazi, akakiteremsha. Kisha akaketi mlangoni, katikati kabisa, akainyoosha miguu yake kutoka mwimo huu mpaka mwimo huu. Mnaelewa maana yake. Mwanamke haivuki miguu ya mkwewe. Ukiivuka umemtukana, yeye na mama yake na waliomzaa mama yake. Basi nyumba ikawa imefungwa, na komeo ni miguu.

Bi Kidawa akaweka chungu mapajani, akafungua kitambaa, akasema, "Ya kale ni dhahabu. Chota, koroga, nywesha!"

Sikudhani akautazama ule unga. Akakitazama kitambaa. Baada ya neno "mtoto" palikuwa na kijimkia cha herufi, kisha kitambaa kimeishia kwa nyuzi nyuzi, kama kimetafunwa.

"Mama, hapa maneno yamekatika."

"Hapo mkono wa mwandishi uliteleza."

"Na kiasi gani, mama? Mtoto wa siku saba au mtoto wa miaka saba?"

Kuku alikuwa uani anaparura, akaingilia hapo hapo, mnamjua Kuku. "Kiasi cha kudonoa, shoga yangu! Donoa mara tatu!"

"Donoa nini wewe!" akasema Mzee Beberu kutoka zizini, ndevu zinamtikisika. "Dawa ni konzi. Konzi nzima. Kidogo kidogo kinayakasirisha maradhi."

"Konzi ya mkono gani, na wewe una kwato?"

Wakagombana. Sikudhani akamrudisha Vuai kifuani. Sauti yenyewe haikutoka sawasawa, lakini ilitoka.

"Kuku hajui, Beberu hajui, na wewe mama hujui. Nami sijui. Basi sichoti, sikorogi, sinyweshi!"

Alisemaje? Itikieni!

Sichoti, sikorogi, sinyweshi!

Eeeh. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Jua likapanda. Vuai akahara tena, maji matupu. Sikudhani akamnyonyesha, akatapika. Akamnyonyesha tena. Akawa anamwimbia huku anatembea kutoka ukuta hadi ukuta, na nyinyi mniitikie "mama yupo":

Vuai wangu lala, mama yupo,
chungu kina mdomo, mama yupo,
mdomo una jina, mama yupo,
jina lina mkia, mama yupo.

Adhuhuri Kheri akarudi kutoka shambani. Akamkuta mama yake mlangoni, mke wake ndani, na majirani wamejaa uani wanatazama kama kuna ngoma. Akaona haya.

"Mama Vuai," akasema kwa sauti ya chini, "usinitie aibu. Mpe tu. Kidogo tu. Watu waliotutangulia hawakuwa wajinga."

"Sikusema walikuwa wajinga, baba Vuai. Nauliza kitu kimoja. Nani alipona?"

"Nani alipona nini?"

"Kwa dawa hii. Nitajieni mmoja. Jina lake na la mama yake."

Kheri akamgeukia mama yake. Bi Kidawa akawageukia watu. "Mwambieni! Si mnawajua?"

"Wengi!" akasema Beberu. "Wengi mno. Mimi niliambiwa na Kuku."

"Mimi niliambiwa na Kunguru," akasema Kuku, "na Kunguru hasemi uongo, anaona kutoka juu."

Kunguru alikuwa juu ya paa. Akajikohoza. "Mimi... mimi niliambiwa na Mzee Beberu."

Watu wakacheka, wengine wakajiziba midomo kwa kanga. Beberu akageuza uso akajifanya anatafuna. Lakini Sikudhani hakucheka, mtoto alikuwa anazidi kulegea begani kama nguo iliyoloa. Akamtazama mumewe machoni.

"Beberu kaambiwa na Kuku, Kuku kaambiwa na Kunguru, Kunguru kaambiwa na Beberu. Habari imezunguka kijiji kizima na haina mwenyewe. Baba Vuai, mimi sichoti, sikorogi..."

Malizieni!

Sinyweshi!

"Binti wa watu una kiburi!" akapiga kelele Bi Kidawa. Kiburi! Mtu anakufa kwa hofu pale aliposimama, anaitwa ana kiburi. Nawaambia, mtu anaweza kuogopa kote kote, kichwa mpaka unyayo, na bado akasema hapana. Sikudhani aliogopa mto, aliogopa mkwe, aliogopa mume kumwacha, aliogopa kuliko vyote kwamba labda ni yeye amekosea na dawa imo mle mle chunguni na mwanawe anakufa kwa ajili ya ukaidi wake. Mnadhani hakuwaza hivyo? Aliwaza. Aliwaza kila pumzi.

Bi Kidawa akaona maneno hayafai. Akaagiza kikombe cha maji, akachota mwenyewe, konzi, kama alivyosema Beberu. Kijiko hakikuwa karibu, akachukua kisu chake cha chuma cha kumenyea mihogo, akakorogea. Maji yakageuka buluu, yakapendeza, yakametameta. Akakiacha kisu mle mle kikombeni. "Itulie kwanza," akasema, "alasiri namnywesha mimi kwa mkono wangu, na tuone nani atanizuia."

Sikudhani akarudi chumba cha ndani akaketi sakafuni. Hapo ndipo aliposikia sauti kutoka juu, kwenye boriti.

"Mama Vuai."

Akainua kichwa. Alikuwa Panya. Panya jike, mkia mrefu, masikio yameraruka.

"Ondoka," akasema Sikudhani. "Leo sina nguvu ya kukufukuza."

"Sijaja kuiba. Nimekusikia tangu asubuhi. Unauliza maswali mazuri. Mimi niliyajua maswali hayo baadaye sana." Panya akashuka mpaka kwenye ukingo wa kitanda, akakaa mbali kidogo, kama mtu aliyezoea kutupiwa kiatu. "Nikuambie kitu?"

"Sema."

"Mwaka juzi nilikuwa na watoto watatu. Hawajaota manyoya vizuri. Mmoja akawa mgonjwa, hali chakula, anajikunja. Nikawa sijui la kufanya. Nikamsikia Bi Kidawa hapo sebuleni anamwambia mwanawe, 'Kheri, pale pembeni nimeweka dawa ya panya.' Mama Vuai, nilishukuru! Nilisema, mama huyu kumbe ana huruma, ametuwekea dawa. Dawa ya panya, nasi ndio panya. Nikashuka, nikakuta vipande vya nazi vimepakwa unga, nikabeba. Mgonjwa nikampa. Na wale wazima wawili nikawapa, nikasema iwakinge. Niliwalisha kwa mkono wangu huu."

Panya akautazama mkono ule.

"Watatu," akasema Panya. "Mimi nilibaki kwa sababu nazi ilikuwa ndogo nikawaachia wao. Tangu siku hiyo nikisikia neno dawa, nauliza: dawa ya nani, ya nini, na nani alipona? Kwenye lugha yenu, mama Vuai, dawa ya panya ni ya kummaliza panya. Dawa ya mbu ni ya kummaliza mbu. Sasa hii dawa ya mtoto..."

Sikudhani akamkumbatia Vuai mpaka mtoto akaguna.

"Sijui kusoma," akasema Panya, "lakini kile kitambaa kilichotafunwa, nilikitafuna mimi. Nilikuwa natandika kiota. Kipande ninacho. Kina michoro ya wino."

"Niletee! Panya, nakuomba, niletee!"

Panya akapanda, akapotea darini, akarudi na kipande mdomoni, kidogo kama kidole gumba, kimechakaa, kina harufu ya kiota. Sikudhani akakinyoosha juu ya goti. Akakisoma. Akakisoma tena. Akakisoma mara ya tatu midomo ikitembea. Kisha akasimama.

Alasiri ilikuwa imeingia. Bi Kidawa bado yuko mlangoni, miguu imenyooshwa, kikombe pembeni. Sikudhani akaja mpaka mbele yake, Vuai kifuani amefungwa kwa kanga mbili.

"Mama, kunja miguu."

"Sikunji. Ya kale ni dhahabu. Leta mtoto."

"Mama, mto bado sijaufikia. Miguu hii ndiyo mto wangu wa kwanza. Nakupenda, nakuheshimu, na kama hukunji nitaivuka." Akainua mguu. Uani hata Kuku aliacha kuparura. "Sichoti, sikorogi, sinyweshi! Na usiponiamini mimi, mwamini mwandishi. Baba Vuai, wewe unasoma. Njoo."

Akampa kipande. Kheri akakiondoa kitambaa chunguni, akakiunga na kipande, mkia wa herufi ukakutana na herufi yake. Akasoma kwa sauti, pole pole, kama mtoto wa chuoni:

"Dawa... ya mtoto... wa jicho."

Mnasikia? Dawa ya mtoto wa jicho! Ule utando mweupe unaoziba mboni za wazee! Hayo ndiyo maradhi yaliyoandikiwa. Hapakuwa na mtoto wa kuzaliwa na mtu hapo!

"Aa," akasema Beberu, "sasa si mbali sana. Mtoto na mtoto."

"Nyamaza, Mzee Beberu!" wakasema watu wote, na Kuku akiwa wa kwanza, kama vile yeye hakusema kudonoa.

Lakini Bi Kidawa alikuwa na shingo ngumu, na aliyezoea kusifiwa chungu chake cha vizazi saba hakiachii kwa siku moja. "Haya. Ni ya macho. Bado ni dawa! Bado ni ya kale! Bibi yangu Mwanatumu, aliyeniachia, alikuwa akiipaka kila asubuhi na kila jioni, kwa macho yangu nilimwona."

Sikudhani akashusha mguu. Akauliza swali lile lile, safari hii taratibu, bila ukali.

"Alipona, mama?"

Bi Kidawa akakumbuka fimbo.

Alikuwa na umri wa miaka sita, saba. Asubuhi alishika ncha moja ya fimbo, na bibi Mwanatumu akishika ncha ya pili, wakaenda hivyo kisimani, wakaenda hivyo harusini, wakaenda hivyo msibani, mtoto mbele, kikongwe nyuma. "Kidawa, hapa pana jiwe?" "Hapana, bibi." "Kidawa, jua limetoka?" "Limetoka, bibi." Na kabla ya chungu, bibi aliona ukungu, alikuwa bado anautofautisha usiku na mchana, bado anamjua mtu kwa rangi ya nguo. Baada ya chungu hakuona kitu. Kila alipopakwa alipiga ukelele, na watu wazima walisema, ukali wa dawa ndio uzuri wake. Alipopofuka walisema ni jicho la hasidi. Mtoto Kidawa akaamini, akakua, akazeeka, akakirithi chungu, na siku hata moja hakuviweka pamoja chungu na fimbo.

"Nilimshikia fimbo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya yule mtoto. "Nilimshikia fimbo mpaka alipokufa."

Akanyoosha mkono kwenye kikombe, akatoa kisu chake. Upande ulioingia kwenye yale maji ya buluu ulikuwa mwekundu. Kisu cha chuma, kimenolewa asubuhi ile ile kikang'aa, sasa chekundu kama kimetoka machinjoni. Akakisugua kwa kidole, wekundu ukabaki.

"Ikiwa imekifanya chuma hivi," akasema Bi Kidawa, "utumbo wa mtoto je?"

Akakunja miguu.

Akaikunja yote miwili, akasimama, akakimwaga kikombe kwenye mchanga, akajitanda kanga. "Kheri, kata fimbo ndefu, mto una kina. Nyinyi mnatazama nini? Pisheni njia! Mwanangu Sikudhani, tangulia, nitakuwa nyuma yako."

Wakauvuka mto. Maji yakafika kwenye magoti, yakafika kiunoni, yakafika kifuani, na Vuai juu ya kichwa cha baba yake. Wakamkuta Tabibu Korongo amesimama kwa mguu mmoja, kweli, hapo Bi Kidawa hakukosea.

Korongo hakuuliza vizazi. Alimtazama mtoto. Akahesabu pumzi zake. Akamfinya ngozi ya tumbo akaona inavyochelewa kurudi. Akauliza: ameanza lini, amehara mara ngapi, amekojoa lini mara ya mwisho, ananyonya? Kila jibu alilitafakari. Kisha akamwonyesha Bi Kidawa kile chungu ambacho mama huyu alikibeba mwenyewe kichwani.

"Huu ni mrututu, bibi, unga wa shaba, ni sumu. Ukimezwa unachoma utumbo na kutapisha. Huyu hana tone la kutapika lililobaki. Angekunywa konzi, msingefika mtoni."

Akachemsha maji, akayapoza, akapima chumvi, akapima sukari, kwa vijiko vyake, hakukisia. Akampa Sikudhani. "Kijiko kimoja. Subiri. Kijiko kimoja tena. Akitapika, pumzika kidogo, kisha anza upya. Na ziwa usimnyime."

"Maji?" akasema Bi Kidawa. "Tumevuka mto wa maji kuja kupewa maji?"

"Kilichomtoka ni maji na chumvi, bibi. Nitamrudishia nini kingine?"

Kijiko kimoja. Kingine. Akatapika. Wakapumzika, wakaanza upya. Kijiko kimoja. Kingine. Kingine. Jua likateremka. Sikudhani alikuwa hahesabu tena, mkono umekufa ganzi, anaimba tu bila sauti, mama yupo, mama yupo. Na hapo Vuai akakunja uso, akafungua kinywa, akalia. Akalia kilio cha hasira, kilio cha mtu mwenye nguvu za kugomba, na kwenye kona ya jicho lake kikatokea kitu kinang'aa.

"Chozi!" akapiga kelele Bi Kidawa. "Sikudhani! Mtoto ana chozi!"

Akalipangusa kwa kidole, akakitia kidole mdomoni. "Lina chumvi," akasema, na yeye mwenyewe machozi yakamwagika hadi kidevuni.

Walikaa kwa Korongo siku tatu. Waliporudi, Kheri alichimba shimo refu mbali na kisima, unga wa buluu ukafukiwa na chungu chake. Kitambaa hakikufukiwa. Bi Kidawa alikishona mwenyewe kwenye kile kipande cha Panya, kwa uzi mwekundu, mishono imepinda pinda kwa sababu macho yake nayo yalikuwa yameanza ukungu. Chini yake akamwambia Sikudhani aandike maneno mengine, na yeye akayafuatiza kwa sindano: BIBI MWANATUMU HAKUPONA. Akakitundika mlangoni, pale pale alipokuwa amenyoosha miguu. Na ule ukungu wake mwenyewe? Aliuvusha mto akaupeleka kwa Korongo.

Na Panya? Ah, msidhani walikuwa marafiki. Panya ni panya, na mihogo ni mihogo. Lakini siku moja Bi Kidawa alipokuwa anatega pembeni, alisema kwa sauti kubwa ili kila aliyeko juu asikie: "Kheri, hapa nimeweka sumu. Sumu ya panya. Si dawa."

Kutoka kwenye boriti ikajibu sauti: "Ahsante, bibi. Sasa angalau tunaambiana ukweli."

Basi ndiyo hivyo. Mnaninyamazia nini? Daftari la babu nimelisoma lote, Shangazi, wala sikulidharau, lina mwandiko mzuri kuliko wangu. Nimetafuta ukurasa ulioandikwa nani alipona. Haupo. Kuna chota, kuna koroga, kuna nywesha. Mimi naogopa, nyote mnaniona navyotetemeka, na huyu hapa mapajani ana joto kama figa. Lakini mniitikie mara moja ya mwisho, mniitikie nisikie: kilicho kwenye kikombe hicho mimi sichoti, sikorogi...

Sinyweshi!

Hiyo ni honi ya pikipiki. Nipeni kanga yangu ile nyingine. Kikombe kimwagieni majivuni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwanangu hataishia hapa. Shangazi, kunja miguu.